Nyaya za Boti ya Faruku

Jumatatu asubuhi Evelyne aliteremka ziwani Kemondo na begi la vifaa begani. Jumamosi alikuwa amemzika baba yake kijijini Maruku. Faruku, mwenye boti, hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba fundi kutoka Bukoba aliahidi kuja Jumatatu, na amekuja.

"Kioo hiki kinanidanganya," Faruku alisema, akigonga mashine ya kuonyesha samaki. "Kinaniambia wamejaa toka juu hadi chini. Nikitupa nyavu, patupu."

Walisogea hadi maji ya kina. Evelyne akamwomba azime kitu kimoja kimoja. Taa: hakuna mabadiliko. Chaja ya simu: vilevile. Ilipozimwa pampu ya kutolea maji, madoa yote yalitoweka, ukabaki mstari mmoja wa sakafu ya ziwa.

"Umeme wa pampu unaingilia," Evelyne alisema. "Waya wake umefungwa pamoja na waya wa kihisio, kile kinachotuma mawimbi chini ya boti. Tena mashine inavuta umeme palepale kwa pampu."

Alikata vifungo. Waya wa pampu aliupitisha kushoto, wa kihisio kulia. Mashine akaivutia waya mpya moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi yake. Mikono ilifanya kazi yenyewe, kama ya mtu mwingine. Jumamosi mikono hiyo ilitupa udongo kaburini hivyohivyo.

Waliwasha pampu. Madoa yakarudi, machache kuliko mwanzo.

Faruku aliinama nyuma ya boti. "Fundi, mbona huku umezifunga tena pamoja?"

Kweli. Vifungo vitatu vipya vya plastiki, vyake mwenyewe. Evelyne hakukumbuka kuvifunga.

"Dada, unaumwa?"

"Hapana. Tumemzika Tata juzi, baba yangu." Alilisema kama mtu anayesema betri imeisha chaji.

Faruku akaketi kwenye ubao. "Pole sana. Ungepiga simu tu, ningengoja."

"Nyumbani watu ni wengi. Kila mmoja ananitazama aone kama nitalia."

Faruku hakuuliza kama alilia. Alichukua koleo, akakata vile vifungo, akashika waya mmoja huku Evelyne akishika mwingine.

"Huu hapa?"

"Hapo."

"Na huu?"

"Uvute kidogo. Basi."

Pampu iliwashwa tena. Kioo kikabaki safi. Kwenye mita kumi na nane yakapita matao mawili, kila moja samaki mmoja.

"Sangara!" Faruku alipiga makofi. Evelyne aliyatazama yale matao. Alijua kwamba hapa ndipo mtu hufurahi. Akajifuta vidole kwenye suruali.

Jioni alifika Maruku. Mama yake hakuuliza habari za kazi, alimsogezea tu ebitoke, ndizi za kupikwa, na maharage. Evelyne alikula yote, akaongezwa, akala tena.

"Chumvi haijazidi?" mama aliuliza.

"Sijui, mama."

Mama alichota kidogo kwenye sahani ya binti yake, akaonja, akakunja uso kwa chumvi, akamsogezea kikombe cha maji.