Mama Vifungo

Lifti ilikuwa imekufa tena, kwa hiyo Thuraya alishuka kwa ngazi kutoka ghorofani kwao Mchafukoge, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshikwa na mwanawe Yasser.

"Mama, ukifika kwa mshauri ongea," alisema Yasser. "Huli, hulali. Mwaka mzima umekaa kimya tu."

Walikatiza Kariakoo katikati ya mikokoteni na spika za wauza viatu. Palipokuwa na duka la Thuraya sasa palisimama jengo la vioo. Hapo ndipo yeye na marehemu mumewe, Habib, walipouza vifungo, uzi na zipu tangu Yasser akitambaa chini ya kaunta. Mafundi cherehani walimwita Mama Vifungo. Walimletea vipande vya vitambaa: "Mama, hiki kiende na nini?" Naye alikitoa nje juani, akakigeuzageuza, akasema, "Weka cha kahawia. Cheusi kitaliua gauni." Habib akicheka nyuma yake, redio ikiimba taarabu. Kisha jengo likauzwa, mmiliki mpya akadai kilemba, pesa ya kuachiwa fremu, ambacho hata wangeuza kila kifungo kisingetimia. Habib hakuumaliza mwaka ule.

Zahanati ilifurika. Hyasinta, mshauri, alimwacha Yasser kwenye benchi la kibarazani, akamkaribisha Thuraya ndani na kurudishia mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Ungependa tuanzie wapi?"

Thuraya alimkazia macho. "Si wewe ndiye mtaalamu? Shehe kaniambia nisubiri. Wifi kaniambia nitoke nitembee. Mwanangu kaniambia nishukuru. Na wewe sema lako, nirudi nyumbani."

"Sina la kukuamuru, mama. Panapouma unapajua wewe. Mimi nipo, nakusikiliza."

Feni ikakwaruza. Hyasinta hakugusa simu. Thuraya akakohoa, akaanza: kaunta, mafundi, vitambaa juani, kicheko cha Habib. Maneno yalimtoka kama ya mtu aliyekuwa ameyabana kwa meno.

"Nasikia unamkumbuka sana Habib," Hyasinta alisema taratibu. "Na pia yule Thuraya aliyekuwa akiulizwa."

Machozi yakamvamia. "Binti yangu, siku hizi hata chai naletewa imeshakorogwa sukari. Hakuna anayeniuliza."

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Augustino, mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, jasho limemlowesha kola.

"Dada Hyasinta, watu wamejaa nje. Mpeleke akaandikiwe dawa ya usingizi, aingie mwingine. Na chumba hiki uanze kukihama leo, kinakuwa stoo."

"Daktari, mama bado anaongea."

"Wakubwa wananiuliza idadi. Hawaniulizi maongezi."

Hyasinta akainamisha kichwa. Thuraya akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Baba," alimwambia Augustino, "mimi sijamaliza."

Augustino akaguna, akaenda zake akiuacha mlango wazi. Wabeba maboksi wawili walikuwa tayari wanangoja kuingia.

"Mama, unapenda tuendelee?" Hyasinta aliuliza.

"Napenda."

"Wapi?"

Thuraya alichungulia nje, akaonyesha kona ya kibaraza, penye dirisha, palipokuwa na mwanga. Hyasinta akabeba viti viwili, wakaketi katikati ya vilio vya watoto na miguu ya watu. Thuraya akapandisha sauti ili asikike.

Yasser akasimama haraka. "Mama, tunaenda?"

"Kaa," alisema Thuraya. "Naongea."