Saa Saba Usiku Nilikuwa Wapi

...eti mimi, na miguu hii inayogombana na ngazi, nimeingia mlango wa nyuma saa saba usiku nikaondoka na kompyuta ya mkurugenzi, nimeibeba kichwani au mgongoni hawasemi, mashine ya mlango imesoma kadi yangu na mashine haina umbea, ndivyo anavyosema meneja, kweli haina, ingekuwa nao ingetaja na mhasibu hutoka na nani... "Mama, kaa tu, nalinganisha milango yote," fundi wa kompyuta huyo, kainamia kioo chake, kalelewa, haya nimekaa, benchi baridi, fagio mkononi, na meneja kanisimamia, "Ulikuwa nyumbani? Nani atakushuhudia?" na mdomo wangu huu, unaojua nani kaachika na nani karudiwa, ukakosa jina... marehemu mume wangu angeapa, alikuwa akilalamika nakoroma kama kinu cha kusaga, binti yangu yuko kwa watu, atapiga simu Jumapili, ipi sijui, ukuta ndio ulioniona, uulizeni ukuta... "Meneja, njoo uone, saa ya mlango huu iko nyuma ya milango mingine kwa saa sita, aliyeleta maji adhuhuri huku kaonekana alfajiri, nani aliweka saa juzi umeme uliporudi?" na mlinzi, tunamwita Kijiko kwa kukoroga, "Mimi, mkubwa, ilikuwa saa mbili asubuhi, nikaandika mbili," "Ah, kaka! Mashine huanza kuhesabu saa sita usiku, mbili yake ni saa nane za usiku!" lo, wanacheka, hata meneja meno nje, kumbe saa moja yangu ya asubuhi ndiyo iliyogeuzwa saa saba ya usiku, nimesafika, kazi ninayo, na Kijiko nitamsema mpaka sokoni, ila naona aibu kidogo, nilianza kumpenda yule bibi mwizi, angalau ana pa kwenda usiku... "Pole, bibi, yameisha," meneja huyo, yameisha kwako, mwanangu, swali lako umelisahau hapa kwenye benchi, nani atakushuhudia, nani, nikilala nisiamke nani... "Fundi, baba, hiyo mashine, siku nisipokuja, humwambia mtu?" "Hapana, mama, haisemi mpaka mtu aiulize," mtu, kasema, mpaka mtu, nami bado nimekaa, fagio mkononi, nikiwapitisha kichwani mmoja mmoja ninaowajua, nani ataiuliza, na wote nawajua mimi...