Wastani wa Papa Polycarpe

Watu wa ukoo wetu wakisema jambo liko tayari, mimi sihangaiki hata kuvaa viatu, maana najua bado. Walisema matanga ya papa, baba yangu, yataondolewa mwaka ukitimia. Mwaka ukatimia, ukapita, na maman Bibiane, mama yangu mzazi, alikuwa bado na nguo nyeusi toka kitambaa cha kichwa hadi soksi, pale kwake Koekelberg, Brussels, na anakataa katakata kuzivua. Sababu ilikuwa kompyuta.

Ngoja nieleze vizuri, usije ukadhani mama yangu ana wazimu. Papa, Polycarpe, alikuwa mlinzi wa maghala miaka yote tuliyoishi Brussels, na starehe yake ilikuwa mashine moja nzito aliyoinunua ikiwa mtumba. Mwaka 2005 akasoma kwamba chuo kikuu fulani kinawaomba watu wa kawaida wakiazime nguvu za kompyuta zao ili kifanye mahesabu ya malaria. Malaria ndiyo iliyomuua dada yake huko kwetu Likasi. Akajiunga siku ile ile, na toka hapo mashine ikawa haizimwi.

Kinachowanogea watu katika mambo hayo ni pointi. Hazinunui hata kitunguu, lakini ukizionja umekwisha. Papa alinieleza kwamba mwanzoni kila kompyuta ilijipima nguvu yenyewe, kisha ikadai pointi zake, na bila shaka wakatokea watu wa kujiongezea. "Ni kama Nday akielezaka bujana yake," alisema. Tonton Nday ni mdogo wake, na kila akisimulia ujana wake unaongezeka. Baadaye wakubwa wa mradi wakabadilisha: kila kipande cha kazi kinatumwa kwa kompyuta mbili za watu wasiojuana. Majibu yakifanana, wote wawili wanapata pointi sawasawa, hata kama mmoja ana mashine ya juzi na mwingine ana kikongwe kama cha papa. Yasipofanana inaitwa kompyuta ya tatu, na yule atakayebaki peke yake hapati kitu.

Basi kwenye ukurasa wa mradi kila mtu ana namba mbili. Moja ni jumla, yaani yote uliyowahi kufanya. Nyingine ni wastani, unaoonyesha unavyofanya kazi siku hizi, na ukiacha kazi wastani unakatika nusu kila juma.

Papa alianguka ghafla, moyo ulisimama, tukamzika. Mashine haikuzimwa, maana katika kilio kile nani angekumbuka kuzima mashine? Maman alijifunza kufungua ukurasa, akakuta jina la mumewe pale pale, na wastani wake umesimama imara. Kila asubuhi baada ya sala aliutazama. Alikataa kulala kwa watu, eti umeme ukikatika nani atawasha.

Tonton Nday alipokuja na dada zake kupanga kuondoa matanga, maman alimketisha mbele ya kioo cha kompyuta.

"Munasema bwana yangu alikufa," alimwambia. "Bon. Angalia. Eko anatumika. Muntu mwenye kutumika, munamutosheaka matanga namna gani?"

Tonton alizitazama zile namba zilizosema kaka yake bado anafanya kazi, akamaliza bukari yake, ugali wetu, akaenda zake bila siku kupangwa.

Mimi nilichemka. Nilikuwa na ndoa yangu na Mukendi inangoja, na kwetu mama mwenye nguo nyeusi haketi mbele kwenye ndoa ya mtoto. Nilikuwa nimeshazunguka maduka yote ya mtaa wa Chaussée de Wavre nikitafuta kitenge cha familia, na kila muuzaji ananiuliza harusi lini, mademoiselle. Niwajibu nini? Kwamba naingoja kompyuta imalize?

Halafu siku moja maman akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sidonie, kuya. Papa eko anashuka."

Nilienda. Alikuwa amekaa mbele ya kioo, rozari mkononi, macho mekundu. Kweli, wastani ulikuwa umeporomoka. Mashine ilikuwa inafanya kazi, inatuma majibu kama kawaida, lakini kila jibu limeandikiwa pembeni kwamba halikubaliki. Halikufanana na la mwenzake.

"Balijua kama alikufa?" maman aliuliza. "Ao njo sasa anakufa kabisa?"

Alidhani wenye mradi wamegundua, au ndipo papa anakufa kweli. Niliinama kuitazama mashine yenyewe, na hapo nikaona. Unazijua nyumba zetu: televisheni haikai uchi, redio haikai uchi, kila kitu cha thamani kinafumiwa kitambaa chake. Maman alikuwa amemfumia papa cha kwake, cheusi, kizito, kimeshuka mbele na nyuma mpaka sakafuni. Feni ilikuwa inavuta joto lake lenyewe. Nikaweka kiganja juu, nikakitoa haraka kama nimegusa pasi. Mashine ikipata joto namna ile si lazima isimame. Inaweza kuendelea kuhesabu, ila inahesabu vibaya, na yenyewe haijui.

Sina haja ya kuficha nilichofikiri. Nikinyamaza tu, mambo yanajimaliza yenyewe. Wastani utafika chini, maman atakubali, nguo nyeusi zitavuliwa, nami nitaolewa. Hakuna wa kunilaumu. Nikageuka kumtazama, nikamwona anavyokitazama kile kioo, kama mtu aliyeketi kando ya kitanda cha mgonjwa. Huruma ilinishika.

"Maman," nilisema, "ni kitambala. Kinaifunika, haipate hewa. Njo maana inakosea."

Akajitwika kosa. "Donc ni miye."

"Apana, maman. Ni joto."

Alikiondoa mwenyewe, akakikunja vizuri, nami nikapangusa vumbi ndani kwa brashi. Nililala kwake. Kesho yake, tumetoka misa, jibu jipya lilikuwa limekubaliwa. Nilidhani atafurahi. Aliendelea kutazama tu.

"Huyu mwengine ni nani?" aliuliza. "Huyu mwenye anapewa kazi moja na papa."

"Siyue. Hata nchi yake haiandikwe."

"Na ye, anajua kama papa alikufa?"

"Ye hamujue hata papa, maman. Banalinganisha tu kazi."

"Tu kazi." Alifikiri. "Na hii kazi, tangu alikufa, nani anaiwasha? Nani analipa courant ya umeme?"

"Ni weye."

"Ni miye," alisema, kama mtu aliyeambiwa jambo la mtu mwingine. Kisha akanyoosha kidole kwenye ile namba kubwa. "Hii, ya yote alifanya. Inaweza kushuka?"

"Haishuke hata siku moja."

"Na hii ndogo? Tukimutosha hapa, tukiondoa jina yake?"

"Itashuka, maman. Mpaka zéro."

Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa ataurudisha.

"Papa yako alilinda ma dépôts ya batu kila usiku," alisema. "Baridi, mvua, eko kule. Alikufa na viatu ya kazi ku miguu. Na miye, pa nafasi ya kumuacha apumuzike, nikamuongezea kazi ingine."

Akalia, na mimi nikalia, tena kwa sauti, maana siku ya mazishi nilikuwa nimejibana niwahudumie wageni. Alipomaliza alijifuta uso kwa pembe ya kitenge chake cheusi.

"Mutoshe, Sidonie. Andika Bibiane."

Nikamwandikia akaunti yake, nikaihamisha mashine kwa jina lake. Ukurasa ukamwonyesha sifuri mbili, jumla na wastani. Akauliza zitapanda lini. Nikamwambia tungoje huyo mwenzake, popote alipo, alete na yeye jibu lake. Akaitikia kwa kichwa, akavuta simu ya mezani, akapiga namba bila kuniambia anampigia nani.

"Nday," alisema, "kuya siku ya samedi na ba sœurs, ba dada yako, tutoshe matanga. Mukubwa yako alimaliza kazi."