Mbeba Taa Hayumo

Wenzangu wanaongoja gemu mpya hutaka majoka makubwa zaidi na panga zinazowaka moto. Mimi nilitaka kizee kimoja kilichopinda mgongo. Kwenye Ngome ya Chumvi, ile gemu ya kwanza, anaitwa Mbeba Taa. Hapigani. Anatembea nyuma ya shujaa, anammulikia njia, na shujaa akijeruhiwa anamfunga kidonda. Mchezaji wa kwanza anakuwa binti mwenye upanga, wa pili anakuwa huyo mzee, na wengi humdharau. Kwetu sisi Mbeba Taa alikuwa mama mkwe wangu.

Alikuja kukaa nasi alipostaafu ukunga, magoti yamemchoka. Mume wangu ni fundi umeme, anatoka asubuhi anarudi jioni. Mimi nashona nguo hapo hapo sebuleni. Kwa hiyo kutwa tulikuwa wawili, mimi na cherehani yangu, yeye na redio yake, tukiheshimiana mpaka inachosha. Umeamkaje mama, salama mkwe wangu, chai hii hapa, asante. Baada ya hapo kimya mpaka chakula cha mchana. Tukikaa kwenye kochi aliweka mto katikati yetu, kwa adabu, na mimi kwa adabu sikuugusa.

Siku moja kazi ilikuwa hakuna, nikawasha gemu. Nilikwama kwenye pango lenye giza totoro, kila nikiingia naliwa. Mama akazima redio, akauliza huyo binti ana akili gani kuingia gizani bila mtu wa kummulikia. Nikampa pedi ya pili ya kuchezea, kwa mzaha. Hakuirudisha tena.

Alicheza kama alivyofanya kazi yake. Nikipambana na dubwana, aliniongoza kana kwamba nipo kitandani najifungua: pumua, legeza mabega, bado, haya sasa sukuma. Na kulikuwa na suala la milango. Kwenye gemu hiyo unaingia nyumba yoyote, unajichotea mikate na mishale, unaondoka. Mama alisema huo ni wizi. Alisimama mlangoni na taa yake, akapiga hodi kwa sauti, akangoja, na kwa kuwa bila taa sikuona kitu, ilibidi na mimi ningoje. Watu wengine waliimaliza gemu kwa wiki. Sisi ilituchukua karibu mwaka, na katika kungoja huko milangoni ndipo alipoanza kunisimulia mambo yake: mume wangu alivyozaliwa akitanguliza miguu, siku alizolia chooni kwenye zahanati ili wanawake aliowazalisha wasimwone. Nikajikuta naisubiri saa ya gemu kama mtoto anavyosubiri mapumziko.

Kisha ikatangazwa kwamba ya pili inakuja. Wakati huo wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa anamsumbua mama ahamie kwake. Ana nyumba kubwa isiyo na ngazi, ana msichana wa kazi, na hata mimi sikuwa na cha kubisha. Mama alimjibu kila mara kwamba anangoja gemu ya pili kwanza. Wifi alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ndilo jibu pekee lililokuwa linamzuia mama asifunge mizigo.

Video ya kionjo ilipotoka niliitazama kwenye simu huku napiga pasi. Yule binti sasa anaruka kutoka paa hadi paa, bahari inang'aa, nikafurahi mpaka nikasahau pasi mkononi. Halafu nikaona taa. Ameining'iniza kiunoni mwake. Nikarudisha nyuma, nikatazama tena. Nyuma yake hakuna mtu.

Nikaingia mtandaoni kwa mashabiki wenzangu. Mmoja alisema tusubiri, huenda wanamficha mzee makusudi. Mwingine akasema afadhali, kale kazee kalikuwa kanatuchelewesha tu. Nilijibizana na mtu huyo kwa hasira mpaka nikaunguza mkono wa blauzi ya mteja.

Mama akiuliza kama kuna habari, nilisema bado. Mume wangu akaniambia kando nimweleze tu ukweli, kwani si gemu tu. Nilimtazama mpaka akaenda mwenyewe kujiongezea chakula.

Ikatoka sehemu ya majaribio, ya kuonja kabla ya gemu yenyewe. Nilingoja mama alale mchana, nikapunguza sauti, nikawasha. Mchezaji mmoja, yakasema maandishi. Nilikuwa bado nayakodolea macho nilipomsikia nyuma yangu.

"Yule wangu yuko wapi?"

"Hayumo, mama. Safari hii wameweka mtu mmoja."

Alitazama ile taa kiunoni kwa muda mrefu. Akasema ni vizuri, binti amekua, sasa anajimulikia mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ndiyo iliyoniumiza.

"Basi nitampigia wifi yako," akasema.

Sikuwahi kumpinga mama mkwe katika jambo lolote, hata chumvi kwenye mchuzi. Siku hiyo nilimpinga.

"Mama, sitaki uende. Mimi kucheza peke yangu siwezi, na kukaa humu bila wewe ndiyo kabisa."

Alizunguka kochi taratibu, akauchukua ule mto wa katikati, akauweka chini ya goti lake bovu. Akaketi pale ulipokuwa mto, bega lake likagusa langu. Kisha akashika upande wa kushoto wa pedi yangu.

"Hiki ni cha nini?"

"Kutembea."

"Na huko kwako?"

"Upanga, na kuruka."

"Basi mimi natembea, wewe piga."

Tulianguka darajani. Tukaanguka tena pale pale, kwa kuwa niliruka naye bado anafikiria. Joka lilitula bila hata kutafuna. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, na mimi nililia kidogo kwa kisingizio hicho hicho. Mwishowe tukavuka, tukafika kwenye nyumba ya kwanza. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Akamfikisha binti kizingitini, akamsimamisha.

"Hodi," akasema.

Simu yake ikaita mezani. Alikuwa wifi. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, nikaichukua kwa mkono ulio huru, nikamwangalia mama nimjibu nini.

Hakuachia upande wake wa pedi.

"Mwambie sitaweza kuja," akasema. "Huyu binti bila mimi hatembei."

Nikamwambia wifi hivyo hivyo, neno kwa neno.