Besi Iliyolia Peke Yake

Niliinua kidole kimoja kutoka kwenye uzi, kisha cha pili, kisha mkono mzima, na besi ikaendelea kulia. Watu waliojaa ndani ya Ngome Kongwe alasiri ile walikuwa wanacheza. Nikaufuata kwa macho waya uliotoka kwenye gitaa langu la besi. Ulipita miguuni pangu, ukazunguka nyuma ya ngoma, ukaishia sakafuni. Haukuchomekwa popote.

Ndipo nilipoelewa kwa nini mwanangu Jamil, mwenye bendi, alisema atakaa nyuma ya pazia kuangalia mitambo. Besi alikuwa anaipiga yeye. Tena kwa mtindo niliomfundisha mwenyewe, kwenye baraza ya nyumba yetu ya mtaa wa Malindi, kabla vidole vyake havijaweza kuizunguka shingo ya gitaa.

Siku hizi kila mtu anaupenda muziki wa fanki. Wageni wanatoka Ulaya kutafuta santuri zetu za miaka ya sabini, na wakizipata wanazishika kama mayai. Sisi wenyewe hatukushikwa kama mayai. Muziki ule ulizaliwa Marekani, kwa wajukuu wa watumwa, watu waliochoka kuomba kwa upole. Walilichukua pigo la kwanza la kila mzunguko, ambalo wengine walikuwa wanalipita tu, wakalitwisha uzito wote. Gitaa likawa ngoma, tarumbeta ikawa ngoma, hata koo la mwimbaji likawa ngoma. Shemeji yangu Himid, baharia, alituletea santuri mbili ndani ya gunia la vitunguu. Tulizisikiliza madirisha yamefungwa, jasho linatutoka, mpaka tukaweza. Mimi niliyelelewa na taarabu ilinibidi nisahau adabu zote za kuingia polepole. Huku unaingia pwaa, au usiingie kabisa.

Vijana wa zamu, waliotumwa na serikali kukomesha mavazi na muziki wa kigeni, walitukamata tukitoka mazoezini Mtoni. Suruali zetu pana walizichana kwa wembe mpaka mapajani, nywele wakatunyoa kwa kipande cha chupa. Shariffa, mchumba wangu, aliniona nikipita barabarani na damu utosini. Baba yake akaapa kwamba bintiye hatatia mguu mahali ninapopiga uhuni ule. Tulioana, tukazaa, na Shariffa akakiheshimu kiapo cha mzee. Alikuwa hajawahi kuniona jukwaani maisha yake yote.

Mkwe wangu alifariki mwaka juzi, mkongwe kabisa, Mungu amrehemu kama ataona inafaa. Jamil akanijia. "Baba, kwenye tamasha utapiga wimbo mmoja. Mama nshamwambia, atakuja."

Nilifanya mazoezi na bendi ya Jamil nyumbani kwa rafiki, Shariffa asisikie. Vidole vilikuwa vinatetemeka tangu nilipougua, hilo nalijua. Nililokuwa silijui ni kwamba mwanangu alikuwa ameshakata shauri.

Basi nikawa nimesimama pale na gitaa bubu. Neno moja tu kwenye kipaza sauti, na Jamil angeumbuka mbele ya mji mzima. Nilitaka aumbuke. Nilishafungua mdomo nilipomwona Shariffa amenyanyuka. Alikuja kwa mwendo wa wanawake wa taarabu, bega moja mbele, noti ameiinua juu, machozi yanamtiririka. Alikuwa anakuja kunituza. Kwetu tuzo haikataliwi. Ukiikataa umemvua nguo mtoaji mbele za watu.

Nikarudisha vidole kwenye nyuzi, nikaviacha vitetemeke vipendavyo. Akanitia noti kwenye mfuko wa shati. Watu wakapiga vigelegele.

Nyuma ya pazia nilimkuta Jamil anakunja nyaya.

"Ulikuwa unachelewa pigo la kwanza, Baba," alisema bila kuniangalia. "Kwenye fanki hilo halina msamaha. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Ni kweli nilimfundisha. Nilitamani ningemfundisha kushona viatu.

Asubuhi yake tulikunywa chai sisi watatu. Shariffa alikuwa amerudia usichana, anacheka ovyo, anamimina chai mpaka inamwagika.

"Baba Jamil, nipigie tena ule wa jana. Hapa hapa, nikusikie peke yangu."

"Vidole vinauma," nikamwambia. "Jamil anaujua. Akupigie yeye."

Jamil hakutaka. Mama yake akamletea gitaa na spika ndogo, akamwekea mbele. Akapiga kama alivyopiga jana, pigo kwa pigo, hakukosea hata chembe. Shariffa alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha, kisha akamwekea mwanawe mkono begani.

"Umejitahidi, mwanangu," alisema. "Lakini mkono wa baba yako huna."

Jamil akanitazama, akingoja niseme kitu. Nikamwomba anisogezee sukari.