Bati Jekundu la Zackar

...na bati bado lipo, jekundu vilevile, linang'aa chini ya wingu kama limepakwa rangi leo asubuhi, Gust akainamisha bawa la kushoto alitazame vizuri, akalipita, akakata kulia, bonde likamfungukia, mto, mawe, vichaka, halafu uwanda wa upande wa pili, salama, ametoka salama kwa mara nyingine, lakini ni usalama gani huu, usalama wa mzee aliyekaa chumba cha nyuma juu ya kiti alichong'oa kwenye gari bovu, miguuni soksi, akabonyeza kitufe, ndege ya kwenye skrini ikarudi mwanzoni mwa pito, ule mwanya wa kupenya kati ya milima, kwa sababu mwanawe Anesia bado yumo, hayumo humu, yumo kule, kwenye milima yenyewe, ndani ya ndege yenye mayai na barua na pampas za watu, na redio pale rafuni inakoroma tu, haisemi kitu... alisema naingia, hilo Gust alilisikia kwa masikio yake mawili, sauti tulivu, mimi Anesia, naingia pito, niko chini ya wingu, nashika ukuta wa kulia, kama wasemavyo wote huku, ukiingia unasema naingia, ukitoka unasema nimetoka, na aliye karibu akikusikia anamrushia wa mbali mpaka habari ifike nyumbani, ila katikati hapo mlima unameza kila kitu, redio, simu, hata ujumbe ambao Gust amemtumia kwenye kidude cha setilaiti umeganda palepale, unasubiri, unasubiri nini, na ilikuwa baada ya naingia, chai haijapoa, ndipo jirani yao Zackar alipopiga simu anacheka, maana Zackar hata msibani anacheka.

"Gust, ndugu yangu, kibanda changu kule njia panda ya mto kimehama," akasema. "Mvua ya juzi imekibeba chote, bati na jiko. Kimekwenda kuvua samaki baharini, mimi kimeniacha."

Naye Gust akacheka, hilo ndilo linalomtafuna, alicheka kwanza, akamwambia basi kitakuletea samaki, ndipo akaikumbuka njia panda ile, ukiwa chini ya wingu, mabonde mawili yanafanana kama mapacha, na lile la mbele ndilo pana, ndilo linalokukaribisha, njoo, njoo, mpaka ukuta wa barafu unakutokea usoni na huna tena pa kugeuzia, na Anesia anajua jambo moja, ukiliona bati la Zackar chini ya bawa la kushoto, kata kulia, usipoliona bado hujafika, endelea mbele... endelea mbele, nani alimfundisha hivyo, si yeye, si hapahapa kwenye kiti hiki, majira yote ya baridi, tena anamgonga bega, umeliona, sijaliona baba, basi endelea, usiwe na haraka, na binti akitania, baba, ndege yako hii haitikisiki, haina hata harufu ya mafuta, mimi nasinzia, na kiangazi alipita kule mara kadhaa kweli, lakini jua likiwaka, milima yote iko uchi, hata kipofu angepita, leo ndiyo mara yake ya kwanza peke yake chini ya wingu... akaingia tena, akashika ukuta wa kulia, bati hilo, akalizibia kidole gumba kwenye skrini, bati likateleza likatokea upande wa pili wa kidole, jekundu, linamcheka, hakuna kitufe cha kulifuta, aliyeliweka yuko Ujerumani, Reinhard, mwalimu wa hesabu ambaye hajapanda ndege ndogo hata siku moja, na Reinhard kosa lake nini, aliambiwa weka akaweka, aliyesema weka ni nani... daktari alipokwisha kumwambia moyo wake huu haurushi tena watu, Gust alinunua usukani wa plastiki, akajiunga na baraza la mtandaoni la wanaorusha ndege za kompyuta, na kule wafalme walikuwa marubani wa mashirika makubwa, wenye mistari mabegani, wakisema wengine wananyamaza, yeye mpeleka barua na mapipa ya mafuta nani angemjua, mpaka siku Reinhard alipoanza kuichonga milima hii kwa picha za angani, akauliza, kuna anayelijua pito hili, wakanyamaza wote, mistari na mabega yao, ndipo Gust akaandika kwa kidole kimoja, mimi nalijua, na walivyomfurahia, wakamwita kapteni, yeye ambaye hajawahi kuvaa kofia ila ya manyoya, naye akamwelekeza Reinhard, uinue mlima ule, usogeze mkono huu wa mto, na hapa njia panda nijengee kibanda, bati jekundu, jina lake likaandikwa kwenye shukrani, akamwita Pelagia aje alione, mke wake akafuta mikono akalisoma kwa sauti, kichwa cha Gust kikavimba siku nzima...

"Ametoka?" Pelagia aliuliza kutoka jikoni, kisu chake kinakwaruza magamba ya samaki.

"Bado kidogo, Mama Anesia. Wingu linamchelewesha."

Wingu, akalisingizia wingu, na kisu kikaendelea, kwaru, kwaru, mama wa watu anaandaa samaki wa kukausha, na angemwambia nini, mwanao anatafuta kitu ambacho hakipo, atakitafuta mpaka ukutani, na yeye baba mtu yuko hapa anaendesha plastiki, anamtangulia njia kama mtu anayemshika mkono aliye ndotoni... lakini mbona baba yake mwenyewe hakumfundisha bati, Zackar alikuwa hata hajajenga, baba yake alimwambia tazama maji, mto wa kulia maji yake meusi, unaona mpaka mawe chini, ule wa mbele unatoka kwenye barafu, mweupe kama maziwa, yakiwa meupe geuza mapema ungali na nafasi, hiyo ndiyo njia, yeye miaka yote alipita kwa maji, bati lilikuwa la kupungia mkono tu, sasa kwa nini mwanawe hakumpa maji, kwa nini... akautazama mto wa kwenye skrini, akautazama hasa, mito yote miwili rangi moja, buluu ya daftari la mtoto, Reinhard aliipaka hivyo na Gust hakumkosoa, wala hakuona, basi ndiyo hiyo sababu, alimfundisha kile ambacho mashine ilikuwa nacho, maji yalikuwa hayamo humu akayaacha huko nje, na kuna siku Anesia alikuwa anakula, akasema maji ya kule juu kama chai ya maziwa, baba, alisema au hakusema, labda alisema ya mto mwingine, labda Gust anajitungia sasa hivi apate pa kushika, akaona bati linakuja, jekundu, akalitazama likipita chini ya bawa la kushoto, na mkono haukukata, akaiacha ndege iende mbele, bonde pana, zuri, linakaribisha, halafu kuta zikasogeleana, halafu nyeupe tupu, skrini ikatikisika kidogo tu, kitoto, ikamuuliza kama anataka kuanza upya, na kidole chake kikawa juu ya kitufe, kikakaa hapo, kikashuka pajani.

"Pelagia," akaita, kisu kikanyamaza, maana jina lake tupu halimtoki ila kuna jambo. Akaja akasimama mlangoni, magamba hadi kwenye viwiko.

"Bati la Zackar halipo tena," akasema. "Limechukuliwa na maji. Nimejua akiwa ameshaingia."

Hakupiga kelele. Aliitazama skrini, akamtazama yeye, soksi zake, mikono yake.

"Anajua kuyasoma maji?"

"Sijui," akasema. "Mimi sikumfundisha."

Pelagia akavuta ndoo akaipindua, akakaa kando yake, mkono wenye harufu ya samaki ukashika ukingo wa kiti, si bega, kiti, na Gust akanyoosha kidole akaizima skrini, chumba kikabaki na dirisha lile moja, na dirishani wingu lenyewe, limekalia milima, halina kitufe, wakakaa wanalitazama wote wawili, wanavuta pumzi polepole wasije wakaifunika redio, nayo inakoroma, inakoroma...