Sombe ya Siku ya Arobaini na Tisa

Kwangu mlango haufungwi, na mtaa wetu mzima hapa Fairfield, ughaibuni, unajua. Ukisikia kelele, ni kwangu. Usiposikia, niko kazini. Mzee Bao, jirani yangu Mvietinamu, alianza kuja hivyo hivyo: alifuata kelele, akakuta sahani. Siku ya kwanza nilimpa sombe, yale majani ya muhogo ambayo Watanzania wanayaita kisamvu, na pilipili yangu pembeni. Alikula, machozi yakamtoka, akapiga chafya mara tatu, akasukuma sahani mbele. "Verdiane, ongeza."

Miaka sita, kila Jumamosi, neno ni hilo hilo. Mkewe, Mama Tuyet, anakaa pembeni na karatasi za kumfuta uso, anamsema kwa Kivietinamu, na sisi tunacheka bila kuelewa.

Kisha Mzee akalazwa hospitali. Alinipigia simu mwenyewe kutoka wodini, sauti imebaki kama uzi. Alisema neno moja tu: "Sombe." Nikamwambia nina shifti mpaka Ijumaa, Jumamosi nakuletea sufuria nzima. Alifariki Alhamisi.

Ahadi yangu ikabaki deni. Kwa hiyo Mama Tuyet aliponieleza kuhusu siku ya arobaini na tisa, nilikaa vizuri nikasikiliza. Wao ni Wabudha, na kwa imani yao marehemu huwa hajaondoka kabisa. Siku zote hizo bado yuko njiani, hajapangiwa pa kwenda. Siku ya arobaini na tisa wanamsomea sala hekaluni, wanamwekea chakula mbele ya picha yake, naye anakwenda zake.

"Mpikie sombe," aliniambia, kwa kile Kiingereza chetu cha kuokoteza. "Akishaenda, ameenda."

Nafasi moja, basi. Sikutaka kukosea, nikaenda kwa mtaalamu. Kwenye ghala la Smithfield tunakopaki maboksi yuko Khamla, mwanamume wa Laos, na huko kwao aliwahi kuwa mtawa miezi mitatu kabla ya kuoa.

"Khamla, watawa wenu wanakula nini?"

"Wanachopewa. Samaki, nyama, hata piza. Hawachagui. Lakini saa sita mchana ikipita, mdomo unafungwa mpaka kesho."

Nikaona ni rahisi kuliko kulisha harusi yetu sisi Warundi.

Siku yenyewe niliamka mapema, nikapika sombe ya heshima: vitunguu vinne, saumu kichwa kizima, na ndagala halisi za Ziwa Tanganyika, dagaa wa kwetu, nilizokuwa nimezificha kwenye friza wageni wasizione. Saa tatu asubuhi nikawa kwenye gari la Nsimire, rafiki yangu Mkongo wa Bukavu, sufuria mapajani.

"Dada," akasema Nsimire, "pasta wa kanisani akisikia tumepeleka chakula mbele ya sanamu?"

"Atasikia kwa nani? Humu garini tuko wawili, na mwenye mdomo ni wewe."

"Mimi nitapika, nitaosha vyombo, lakini sitakula. Kula, hapana."

"Sawa, mtakatifu. Endesha."

Mlangoni pa jiko la hekalu alitupokea mtawa wa kike, mfupi, kichwa kimenyolewa, kanzu ya kijivu. Nikamwita Sista, maana nimesomeshwa na masista na mazoea hayatoki. Akafunua sufuria, akanusa.

"Kuna samaki humu?"

"Hapana, Sista. Majani tu."

Akachota kwa kijiko, akakisogeza karibu na pua yangu. "Na hawa wanaonitazama?"

"Aah, hizo ni ndagala tu!"

Sikuwa namdanganya. Kwetu mtu akisema leo hakuna nyama, maana yake tunakula ndagala. Nsimire naye akaapa kwamba ndagala ni kama chumvi, sema ina macho.

Sista alicheka mpaka akashika ukingo wa mlango. Lakini sufuria hakuipisha. "Jikoni kwetu hakiingii kitu kilichokuwa na mama. Vitunguu je?"

"Vinne."

"Saumu?"

"Sista, sombe bila saumu ni chakula cha mbuzi."

"Basi leo tutakula kama mbuzi," akasema. "Vitunguu na saumu pia hatutumii. Sala inaanza saa tano."

Nikamwona Mzee Bao njiani na njaa yake, mimi ndiye niliyemwahidi. "Khamla kanidanganya!" nikalia. "Alisema watawa wanakula kila kitu!"

"Hajakudanganya," akasema Sista. "Huyo ni Mlao?" Akanivutia kiti. Akanieleza huku akimenya karoti, kama mtu anayekupa habari za ukoo wake. Budha mwenyewe alitembea na bakuli, akila alichowekewa na watu. Wa Laos bado wanashika hivyo. Lakini dini ilipofika China, watawa wengi wakakaa mbali milimani, wakalima na kupika wenyewe. "Ukishakuwa na jiko lako, huwezi kusema nyama umewekewa na mwingine. Wakaiacha. Sisi Wavietinamu tuliipokea kutoka huko, pamoja na mapishi. Japani nako watawa wengi wanaoa."

"Wanaoa?" Nsimire alivuta kiti chake. Umbea sasa ulikuwa umemfikia. "Na hawa Wazungu wa hapa?"

"Wengine wanakuja Jumatano. Wanakaa kimya saa nzima, halafu wanaondoka."

"Bila chai?"

"Bila chai."

Tukatazamana na Nsimire. Dini ya namna hiyo kwetu isingemaliza mwezi.

Basi Nsimire akaifungia sufuria yetu kwenye buti la gari, akarudi mbio nyumbani kuchukua pakiti za sombe kwenye friza yangu, mimi nikapewa aproni. Na hapo ndipo nilipoona! Kwenye meza ya akina mama wa hekalu kulikuwa na mapaja ya kuku, yamekaangwa, yanang'aa. Nikajishika kiuno. "Sista! Ndagala zangu zimewakosea nini?"

Mama mmoja akanitia kipande mdomoni kabla sijamaliza. Soya. Wameifinyanga soya mpaka ikawa paja, na kijiti wamechomeka kama mfupa. Nikakubali kuwa hawa wanajua kazi.

Wao ndio waliookoa sufuria yangu ya pili. Nilipowaambia nataka ile harufu ya ziwa, mmoja akaleta uyoga mkavu, mwingine mwani wa baharini, wakabishana kwa Kivietinamu juu ya kichwa changu. Nikatia karanga za kusaga, nikatia mawese. Mwisho nikauliza kwa woga:

"Sista, na pilipili?"

Akafikiri. "Pilipili haikuwa na mama."

Nikazitwanga mbichi na chumvi, nikazikamulia ndimu, kama kila Jumamosi.

Saa tano kengele ikalia. Walisali kwa sauti moja ndefu, na bakuli langu likiwa mbele ya picha ya Mzee Bao, kavaa miwani yake. Sikuelewa neno. Nilimwambia kimoyomoyo: Mzee, samahani kwa kuchelewa, na samahani kwa uyoga.

Wakati wa kula Mama Tuyet alionja kwanza. Akatafuna polepole, meza nzima inamtazama.

"Siyo ile," akasema.

Nikainamisha kichwa. Yeye akachota pilipili kidogo, akaichanganya, akala tena. Macho yakajaa, pua ikawa nyekundu, akapiga chafya mara tatu. Akasukuma bakuli mbele.

"Verdiane, ongeza."

Niliongeza huku nalia, nikasingizia pilipili. Sista naye aliijaribu, akakohoa mpaka wakamletea maji. Na Nsimire, yule asiyekula? Nilihesabu sahani tatu.

Tukiwa tunatoka, Mama Tuyet akanishika mkono kwenye maegesho. "Ile nyingine iko wapi? Yenye macho?"

"Ndani ya buti. Lakini Mama, si ameshakwenda?"

"Bao?" Akakunja midomo. "Miaka arobaini na mbili, hajawahi kutoka bila kurudi kuchukua miwani. Nyumbani kuna picha yake nyingine. Na Sista haishi kule."

Nsimire akawasha gari. Mimi nikampigia Khamla simu, nikamwambia aje na familia yake, sufuria ni kubwa. Akauliza kama saa sita imepita.

"Imepita," nikamwambia, "lakini wewe ulishaoa. Njoo ule."